Kioo cha Laptopu Kikififia, Usikimbilie Kununua Kingine

Karibuni jamani, wale mliosimama nyuma sogeeni mbele maana kuna vitu vidogo sana nitawaonyesha na nataka kila mtu avione. Leo tunaongelea tatizo moja tu, laptopu inawaka, feni unaisikia, Windows inafunguka, ila kioo kimefifia mpaka unakodoa macho kusoma jina la faili, au kimekuwa giza kabisa. Hili suala linaniuma sana, maana mwanafunzi anadunduliza bumu lake, yaani hela ya mkopo wa chuo, anapeleka laptopu mtaani, anaambiwa kioo kimekufa lete hela ya kioo kipya, kumbe kioo ni kizima, kilichokufa ni fyuzi ya milimita 1.6 kwa 0.8 pale kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani.

Sasa tuelewane kitu cha msingi alafu mengine yote yatakuja yenyewe. Kioo cha LCD, aina iliyopo kwenye laptopu nyingi, hakitoi mwanga. Kinatengeneza picha tu, mwanga unatoka kwenye taa iliyo nyuma yake, ni kama pazia lenye maua na taa imewashwa nyuma, ukizima taa maua bado yapo ila huyaoni. Laptopu za zamani, hizi za kabla ya 2010 hivi, zilikuwa na tyubu nyembamba ya taa na kikadi kinachoitwa inveta cha kupandisha umeme mpaka mamia ya volti, ukifungua hizo usiguse inveta ikiwa imewashwa. Za saivi zina mstari wa LED ndogondogo, mara nyingi ukingo wa chini, na mwanga unasambazwa na karatasi maalum mpaka juu. OLED, aina nyingine ya kioo, ni habari nyingine, kila nukta inajitolea mwanga wake, kwahiyo mwenye OLED haya ya taa ya nyuma hayamhusu.

Kwahiyo swali la kwanza ni hili, picha ipo au haipo? Zima taa za chumba, washa laptopu, chukua tochi ya simu iweke karibu kabisa na kioo kwa kuilaza upande, usimulike moja kwa moja, alafu isogeze taratibu. Ukiona kwa mbali zile ikoni za desktopu au sehemu ya kuandika paswedi, basi kioo kinafanya kazi na mazabodi inapeleka picha, ni mwanga tu umepotea njiani. Ukiona weusi mtupu hapo ndo unaanza kufikiria mambo ya ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), mazabodi au kebo kuchomoka.

Ila ikiwa kimefifia tu na hakijawa giza, usishike bisibisi kwanza. Bonyeza Fn na kile kitufe chenye alama ya jua, kila kampuni inakiweka mahali pake, wengine F5 na F6 wengine F11 na F12. Angalia na betri, chaji ikishuka sana Windows inaingia yenyewe kwenye hali ya kubana betri na inapunguza mwanga kama asilimia 30, watu wengi wanaleta laptopu kwa fundi kwa hilo tu. Kuna zenye sensa juu pembeni ya kamera, ukikaa gizani inashusha mwanga, na kuna setingi ya kubadilisha mwanga kulingana na kilichopo kwenye skrini, ukifungua ukurasa mweusi mwanga unashuka ukifungua mweupe unapanda, izime uone.

Alafu kuna hili la laptopu iliyotoka kupigwa Windows, yaani kuwekewa Windows upya, kile kimstari cha kuongeza mwanga hakipo kabisa au kipo na hakifanyi kitu. Nenda Device Manager, fungua Display adapters, ukikuta imeandikwa Microsoft Basic Display Adapter ujue draiva ya grafiki, ile programu inayoiwezesha Windows kuendesha kioo, haijawekwa, ishushe kwenye tovuti ya waliotengeneza hiyo laptopu kwa modeli yako kamili. Njia ya haraka ya kujua kama ni Windows au ni kifaa ni kuingia BIOS, ile menyu ya setingi inayofunguka kabla Windows haijaanza, kama kule mwanga ni mkali alafu Windows ikianza unafifia, tatizo ni programu. Kule nako ukiwa umefifia vilevile, haya, sasa ndo tufungue.

Anzia kwenye bawaba. Kebo ya kioo inapita humo na inakunjwa kila ukifungua na kufunga. Funua mfuniko taratibu sana, mwanga ukikatika ukifika pembe fulani na kurudi ukirudisha nyuma, ni kebo. Na hili sio la laptopu za bei rahisi tu, MacBook Pro za 2016 zilikuwa na fleksi (kebo bapa ya kioo) fupi iliyokuwa inachakaa kwa kufunguliwa, mwanga unaanza kuonekana vipandevipande chini alafu unazima ukifunua sana, mpaka Mei 2019 Apple wakatangaza kuzitengeneza bure zile za inchi 13.

Sasa fyuzi, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Kabla ya kuchomoa au kuchomeka kebo ya kioo CHOMOA BETRI KWANZA, sio chaja peke yake. Umeme wa taa upo pale kwenye soketi, kwenye laptopu nyingi ni ule ule wa chaja au betri, inafika volti 19, kebo ikiingia imepinda kidogo tu ukagusa pini ya jirani fyuzi imekwenda, na laptopu iliyokuja na tatizo la kebo inaondoka na matatizo mawili. Weka mita ya umeme kwenye kipimo kinacholia njia ikiwa nzima, gusa ncha mbili za fyuzi, herufi yake kwenye bodi huwa ni F, isipolia imekufa. Usiunge na waya jamani! Fyuzi imekatika kwa sababu, tafuta ilipo shoti, iwe kwenye kebo au palipoingia chai, safisha kwa spiriti ya aizopropili, alafu weka fyuzi ya kipimo kilekile.

Dada pale ameuliza, kama giza liko upande mmoja tu wa chini je? Swali zuri sana. Hizo LED zimeungwa kwa mistari, mstari mmoja ukifa unaona kivuli chini sehemu hiyo, na hapo kweli kubadilisha kioo ni halali, kubandua taa peke yake kunawezekana ila vumbi likiingia humo ndani halitoki. Kabla hujaenda Kariakoo piga picha stika ya nyuma ya kioo, namba yote, na hesabu pini kama ni 30 au 40, na za 40 zipo za LVDS na za eDP, hizo ni njia mbili tofauti za kupeleka picha kwenye kioo, zisichanganywe kabisa. Ukifika dukani mwambie muuzaji akiwashe hapohapo, ushushe mwanga mpaka chini na kuupandisha mpaka juu, ndo utoe hela.