Kijana amepanda mti: mhadhara kuhusu maneno yenye sura moja

Ndugu walimu, wakubwa shikamooni. Wanafunzi, habari za mchana.

Nina sentensi moja ambayo pale Mufindi inasemwa kila msimu wa mvua: "Kijana amepanda mti." Ana mche mkononi, au yuko juu tawini? Sentensi yenyewe haijibu. Leo nawaonyesha kwa nini hii inatusumbua, wakati homonimu, yaani maneno yenye sura moja na maana zisizohusiana, nyingine nyingi hazisumbui hata kidogo.

Nyingi huokolewa na ngeli. Paa hili linavuja. Paa huyu amekimbia. Ua hili limenyauka, wingi maua. Ua huu umefagiliwa, wingi nyua. Chungu hiki cha Wakisi wa Matema kina ufa. Chungu huyu ameniuma mguu. Kwa hiyo mwanafunzi akiulizwa maana mbili, atoe sentensi kamili yenye upatanisho. Akiandika "paa ni safi" hajathibitisha lolote, maana kitenzi "ni" hakibebi ngeli, wala "safi".

Chanzo? Mara nyingi ni tahajia. Mwenyeji wa Mombasa hutamka paa wa porini kwa mpumuo, pumzi ikitoka baada ya p. Paa la nyumba halina pumzi hiyo. Hali ni hiyo hiyo kwa kaa wa baharini na kaa la moto. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, chini ya Kamati ya Lugha iliyoanza kazi 1930, na mpumuo haukupewa herufi. Kwa maoni yangu hasara ni ndogo, kwa kuwa ngeli inatosha. Irabu nazo zimechangia: Kibantu cha kale kilikuwa na saba, Wanyakyusa mliopo hapa bado mnazo zote, Kiswahili kimebaki na tano.

Turudi kwenye panda. Vitenzi havina ngeli, kwa hiyo pima kwa mnyambuliko. Kutendwa hakusaidii: mlima unapandwa, mahindi yanapandwa. Lakini miche ya kahawa hupandikizwa, mzigo hupandishwa kwenye lori. Mwenye mbegu ni mpanzi, mwenye mlima ni mpandaji. Kuandika bila utata, ongeza maneno mawili tu: amepanda mche wa mti, amepanda juu ya mti. Shinda ni hivyo hivyo. "Ameshinda Uyole" ni ushindi au ni kutwa nzima huko. "Ameshindwa" ni la ushindani peke yake.

Kosa linalopoteza alama ni kuchanganya homonimu na polisemi, yaani neno moja lenye maana kadhaa zinazohusiana. Kichwa cha mtu, kichwa cha habari, kichwa cha treni ya TAZARA: hilo ni neno moja lililotanuka, kwani wazo la sehemu ya mbele au ya juu limebaki. Mto wa maji na mto wa kulalia havina wazo la pamoja, ijapokuwa ngeli ni moja na wingi wa vyote ni mito. Kamusi huonyesha tofauti hiyo kwa kuipa kila homonimu kidahizo chake, yaani neno linalofafanuliwa, chenye namba ndogo juu. Maana za polisemi hukaa ndani ya kidahizo kimoja.

Mkazo nao una kazi, ila kwa maneno machache. "Fundi ameitengeneza barabara." Mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, *ba*, ni ile njia ya magari, ukirudi nyuma kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho, *ra*, ni sawasawa. Maandishi hayaonyeshi mkazo, basi kwenye tangazo andika "vizuri" uepuke maswali.

Mwisho, nyanya. Huku kwetu tunasema bibi, lakini vitabuni nyanya yupo, na anatega. Majina mengi ya undugu huchukua vimilikishi vya ngeli ya I-ZI, hivyo bibi na tunda la Ilula wote ni "nyanya yangu". Kinachotenganisha ni kiambishi cha kitenzi: nyanya yangu ameanguka, ita watu, nyanya yangu imeanguka, iokote.