Ukoo Una Pande Mbili

Shikamooni wazee. Vijana, hamjambo. Nimepewa dakika 20 nizungumzie vinasaba, yaani jeni, na saratani ya tezi dume, na wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi. Nitaanzia kwa mama.

Kuna mzee mmoja ambaye nimemsimulia mara nyingi mpaka mke wangu akisikia naanza, anahamia jikoni. Alikuja kliniki kaletwa na dada yake. Umri miaka 54, mgongo unauma, mkojo unatoka kwa matone. Nikamuuliza: mzee wangu, kwenye ukoo wenu yupo aliyewahi kuugua saratani? "Hakuna." Baba? "Alikufa kwa ajali ya gari." Baba wakubwa, baba wadogo? "Wazima. Mmoja mpaka leo analima." Nikaandika kwenye faili: ukoo, hakuna. Wino haujakauka, dada mtu akamgeukia: "Na mama je? Na mama mkubwa?" Mzee akamkata jicho. "Mama alikuwa na uvimbe wa titi. Hayo ni maradhi ya kike, daktari hakuuliza hayo."

Mama mzazi, titi, hajafika hata miaka 50. Mama mkubwa tumbo lilijaa maji, mtaa mzima ukasema karogwa. Nikafuta nilichoandika.

Simlaumu mzee. Swali langu ndilo lilikuwa bovu. Ukimuuliza mtu habari za ukoo anakutajia upande wa baba, kwa sababu ndiko linakotoka jina. Jeni haijui ubini! Waluguru na Wamakonde mliomo humu, nyie mnaohesabu ukoo kwa mama, leo mmetushinda. Pigeni makofi mkitaka.

Jeni ninayoisema ni BRCA2. Ipo kwenye kromosomu ya 13, na kazi yake ni kukarabati DNA inapokatika. Ilitambuliwa mwaka 1995 kwa kufuatilia familia zilizoandamwa na saratani ya titi, ndiyo maana watu wanadhani ni ya wanawake. Mama akiwa na nakala mbovu, kila mtoto wake, wa kike kwa wa kiume, ana nusu kwa nusu ya kuirithi. Kwa binti tunahofia titi na ovari, vile vifuko vya mayai, ambavyo saratani yake huweza kujaza tumbo maji kama lile la mama mkubwa. Kwa mtoto wa kiume tunahofia tezi dume, tena ile ya mbio. Ipo ya polepole, mtu anazeeka nayo na anakufa kwa jambo jingine kabisa. Hii huwahi, na huingia mifupani. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa wanaume 692 ambao saratani yao ilikuwa imeshasambaa: 11.8% walizaliwa na hitilafu katika jeni za ukarabati, BRCA2 ikiongoza kwa 5.3%.

Namwona bwana pale nyuma anatikisa kichwa. Kwa hiyo tumlaumu mama? Hapana, bwana wangu. Wewe mwenyewe unaweza kuwa unayo na umeshampa binti yako, nawe hujui. Mwingine atasema: nikijua itanisaidia nini, si Mungu kashapanga? Itakusaidia kuanza kupima PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ukiwa na miaka 40 badala ya kungoja mgongo uume. Na kama umeshaugua na ikasambaa, ipo dawa, olaparib, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2020 kwa wenye hitilafu hizi. Bei yake? Tusiharibiane jioni.

Halafu wapo wa "mwanangu yuko Marekani, kanitumia kipimo cha mate, kinasema niko salama." Kipimo cha kwanza cha BRCA, yaani BRCA2 na mwenzake BRCA1, kilichoruhusiwa kule mwaka 2018 kuuzwa kwa mteja bila daktari kilitazama mabadiliko 3, yale ya Wayahudi wa Ashkenazi, wenye asili ya Ulaya. Yanayojulikana yanazidi 1,000. Mzee wa Ifakara atapewaje salama na kipimo hicho?

Ndilo tatizo hilohilo kwenye zile alama za hatari, zinazojumlisha mabadiliko madogo madogo kwa mamia. Mwaka 2021 orodha ilifika 269, kwa kulinganisha wanaume wagonjwa 107,247 na wasio wagonjwa. Kati ya wagonjwa hao, wenye asili ya Afrika walikuwa 10,368. Fundi kampima jirani, suruali kakushonea wewe. Wakati huohuo, kwenye eneo la 8q24, katika kromosomu ya 8, lipo badiliko moja, rs72725854, ambalo kwa Wazungu halionekani kabisa au ni nadra mno, na utafiti wa Uganda ukalikuta lina uzito mkubwa kwa wanaume wa kule. Uganda, hapo jirani! Tunachelewa nini sisi kutoa damu ya utafiti? Kwenye harambee ya harusi tunatoa mpaka akiba ya ada.

Na jueni kwamba alama hizo zinakisia nani ataugua. Nani ataugua vibaya, hapo zinababaika. Ukali unasomwa zaidi kwenye kinyama chenyewe kinachokatwa, na humo ndimo huonekana jeni mbili zilizogandana, TMPRSS2 na ERG, zilizogunduliwa mwaka 2005, ambazo kwa watu weusi huonekana kwa uchache zaidi na... mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, hiyo nairuka, na picha zangu sita nazo basi.

Mnataka kujua mzee yule aliishia wapi. Jeni hatukumpima, sampuli ilibidi isafirishwe nje na fedha hakuwa nazo. Tulimtibu kwa tulichokuwa nacho. Dada yake ndiye aliyekwenda kupima titi wiki iliyofuata, bila kuambiwa na mtu.

Maswali. Tuanze na mama yule wa kitenge cha njano, kanyoosha mkono tangu nilipowataja Waluguru.