Kiti cha Tatu

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na mliobaki, hamjambo?

Mmecheka, na kicheko hicho kimenipa pa kuanzia. Kila mkutano wa hadhara hapa kwetu Mombasa, uwe wa siasa, wa chama cha akiba na mikopo au wa wazazi shuleni, anayeshika kipaza sauti hutoa salamu mbili, ya msikitini na ya kanisani. Akishaitikiwa zote mbili anaona keshasalimia watu wote. Asiye huku wala kule huitikia mojawapo ili jirani asimgeukie. Salamu ya tatu hatuna.

Mwenyekiti aliponipigia simu alisema mada ni "Je, Mungu yupo?" Nikamwambia, bwana, mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, swali hilo limewashinda waliosoma kuniliko, na hizo dakika arubaini unazonipa hazitoshi hata kulifafanua. Tukakubaliana nizungumzie ubishi wenyewe: tunabishana vipi, na kwa nini hatufiki popote. Kwa hiyo aliyekuja leo kuona mtu akigaragazwa, samahani, nauli yake imekwenda bure.

Wa umri wangu mnaikumbuka mihadhara ya viwanjani. Mimi nilikuwa kijana, nikiegemea baiskeli yangu pembeni. Mbele pana meza mbili, Biblia na Kurani zimechomekwa vikaratasi kila ukurasa wa tatu, na kila mhadhiri ana msomaji wake. Kazi ya msomaji ni kusoma anapoamriwa na kunyamaza anapoamriwa. "Yohana kumi na nne, ishirini na nane, soma!" Msomaji anasoma. Akifika pale Yesu anaposema Baba ni mkuu kuliko yeye, mhadhiri anainua mkono: "Simama hapo hapo! Rudia!" Anarudia. Takbiri zinapigwa hadi kuku wa jirani wanakimbia. Upande wa pili nao wana Surat Al Imran yao tayari, nao wana mahali pao pa kusema simama hapo hapo. Siku tano, siku saba, kila jioni. Sijapata kumwona padri aliyesilimu pale wala sheikh aliyebatizwa, ingawa kila upande ulikuwa na hadithi za waliosalimu amri kwenye mji mwingine.

Ila kulikuwa na jambo moja la kuheshimika katika mihadhara ile, nalo nililiona nilipozeeka. Pande zote mbili zilikubaliana kwamba kilichoandikwa ni ushahidi. Waligombana juu ya kitabu kipi na aya ipi. Meza zikawa mbili kwa sababu vitabu vilikuwa viwili. Leo amekuja mtu wa tatu asiye na kitabu. Ukimwambia "soma!" anakuuliza, kwani maandishi yanathibitisha nini? Mhadhiri aliyezoea miaka thelathini kubishana kwa aya hana pa kumshikia.

Mtu huyo wa tatu ana cheti. Februari 2016 msajili wa vyama alikiandikisha chama cha wasioamini Mungu nchini Kenya. Haukupita muda, Aprili mwaka huo huo Mwanasheria Mkuu, Profesa Githu Muigai, akausimamisha usajili baada ya malalamiko ya watu wa dini. Mambo yakaenda mahakamani. Askofu mmoja naye baadaye akaiomba Mahakama Kuu ikifute chama hicho kabisa, na mapema mwaka 2025 Jaji Lawrence Mugambi akalitupa ombi lake. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 32, inalinda dhamiri, dini, fikra na imani ya kila mtu. Ibara ya 8 inasema hakuna dini ya taifa. Utangulizi wa katiba hiyo hiyo, lakini, unaanza kwa kukiri ukuu wa Mwenyezi Mungu, na wimbo wa taifa unaanza "Ee Mungu nguvu yetu". Wengine huona hapo pana mgongano. Mimi naona hivyo ndivyo tulivyo.

Na kama mnadhani wale ni watu wakavu wasio na ucheshi, mwezi Mei 2021 katibu wa chama hicho alijiuzulu akisema amempata Yesu Kristo. Chama kikatangaza habari hiyo chenyewe, kikamshukuru kwa utumishi wake, kikamtakia kila la heri katika uhusiano wake mpya, halafu kikasema nafasi ya katibu iko wazi, wenye nia wajitokeze. Nawauliza masheikh na wachungaji mliopo: muumini wenu akihama, mnatangaza hivyo?

Sensa ya 2019 iliandika watu 755,750 katika kundi la wasio na dini na wasioamini Mungu, wakawekwa pamoja. Ni kama asilimia 1.6 ya Wakenya. Wahindu walikuwa 60,287, nao wana mahekalu, shule na sikukuu inayotambuliwa. Kundi hilo, lakini, lina watu wa kila namna: mzee mfugaji asiyewahi kubatizwa wala kusilimu na kijana wa Nairobi aliyesoma falsafa akaacha kwenda misa. Hawa wawili ukiwakutanisha hawana la kuzungumza zaidi ya mvua.

Sasa tazameni maneno tuliyonayo ya kumwita mtu huyu, maana hapa ndipo kazi yangu ilipo. Tuna "mkana Mungu". Kukana kwa Kiswahili kuna harufu ya kukataa unachokijua. Mshtakiwa hukana kosa, baba hukana mtoto. Petro alimkana Yesu mara tatu kabla ya jogoo kuwika, na alimkana mtu aliyekula naye chakula usiku ule ule. Ukimwita mtu mkana Mungu umeshampa hukumu kabla hajafungua mdomo: anajua, anakataa tu. Wa madrasa wana "mlahidi". Asili yake ya Kiarabu ni kuacha njia na kwenda upande, na shina hilo hilo ndilo lililotoa lahad, yaani mwanandani, ile nafasi inayochimbwa ubavuni mwa kaburi. Nitalirudia hilo. "Kafiri" halitusaidii kitu, kwa sababu hilo hata padri huitwa.

Lakini neno lililonisumbua miaka yote ya kufundisha ni imani. Nikiwaambia "mtu yule hana imani hata kidogo", mnamfikiria nani? Mnamfikiria mwenye nyumba aliyemtolea mjane vyombo nje mvua ikinyesha. Hakuna hapa aliyemfikiria mtu mwenye shaka juu ya uumbaji. "Mwonee imani" maana yake mhurumie. Kiswahili kimeziunganisha huruma na kuamini zikawa neno moja, kiasi kwamba asiyeamini, kabla hajatoa hoja yake ya kwanza, inabidi aeleze kwamba yeye si katili. Ni mzigo usio wa haki. Ila watu wa dini nao wasiuchekelee, kwa maana neno hilo linawabana vile vile: mwenye nyumba yule huenda anaswali tano.

Nasikia mara kwa mara kwamba kutoamini kumeletwa na wazungu pamoja na intaneti. Sikubali. Zaburi ya 14 inamtaja mtu anayesema moyoni hakuna Mungu, na mtunga zaburi hasumbuki kutueleza ni mtu wa wapi, wasikilizaji wake walimjua. Katika Surat Al Jathiya wanatajwa waliosema hakuna uhai ila huu wa dunia na kwamba kinachotuangamiza ni dahari tu, yaani mpito wa zama. Neno dahari tunalo mpaka leo, tunasema dahari na dahari. Vitabu vyenyewe vimeitunza sauti ya wasioamini, tena vikiwajibu. Inakuwaje sisi tushangae?

Hata ndani ya Afrika Mashariki wasomi wetu walishagombana. Mwaka 1969 John Mbiti, kasisi wa Kianglikana mzaliwa wa Kitui, aliandika kwamba Waafrika ni watu wa dini kupita kiasi. Okot p'Bitek, Mwacholi wa Uganda aliyezaliwa mwaka mmoja na Mbiti, 1931, alikataa kata kata. Alisema wasomi wa namna hii wanaivalisha miungu ya Kiafrika kanzu za Kigiriki. Mwenyewe alitamka wazi kwamba haamini miungu wala mizimu. Na alikuwa na kisa kimoja ambacho kila mfasiri angepaswa kukijua. Mwaka 1911 mapadri wa Kiitalia waliwaendea wazee wa Kiacholi, wakawauliza: nani aliyewaumba? Lugha yao haikuwa na neno la kuumba, kwa hiyo swali likawa, nani aliyewafinyanga? Wazee wakajibu kwamba watu huzaliwa na mama zao. Mapadri wakakazana, lazima yupo aliyewafinyanga. Hatimaye mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu anaweza kuzaliwa mzima, kisha baadaye mgongo ukapinda akawa na kibyongo, na anayeufinyanga mgongo ule ni pepo aitwaye Rubanga. Mapadri wakafurahi. Wakaenda kufundisha kwamba Rubanga ndiye aliyeumba mbingu na nchi.

Mbiti namheshimu, lakini kisa hicho kinanifanya nisikubali mtu akiniambia Mwafrika kwa asili ni hivi au vile. Wazee wale walijibu swali waliloulizwa, mara ya kwanza, kwa usahihi. Walibanwa wabadilishe.

Vijana nawaona kwenye simu, na humo ubishi unavuma usiku kucha. Kijana wa Kisauni anatoa matusi ya Christopher Hitchens, yule mwandishi Mwingereza aliyepinga dini, kana kwamba aliyakuta kwa bibi yake, na mwenzake anamjibu kwa klipu ya mhubiri wa Marekani. Klipu ya sekunde thelathini, mnaifahamu? Ni yule yule msomaji wa uwanjani. Simama hapo hapo, rudia.

Na tulipopata jambo la kutufanya tukae chini tufikiri, hatukukaa. Mwaka 2023 msitu wa Shakahola, huku Kilifi, ulifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioamini kwamba kufunga hadi kufa ni kumwendea Yesu. Wiki ya kwanza tu, makaburi hata hayajahesabiwa, mmoja barazani alisema hayo ndiyo matunda ya dini. Mwingine akamjibu pale pale kwamba ile haikuwa dini. Kila mmoja akanywa kahawa yake. Hoja ya wa pili ndiyo iliyoniudhi zaidi, kwa sababu ni hoja isiyoweza kushindwa kamwe: kila ovu likitendeka kwa jina la dini unalitoa nje ya dini, na dini inabaki safi kama sanda. Lakini wa kwanza naye alipaswa aulizwe mbona mamilioni wanafunga kila mwaka na jioni wanafuturu.

Sasa nije kwa ami yangu. Alikuwa fundi wa mitambo bandarini, mikono yake haikutoka grisi hata sikukuu. Alikuwa na umri wa miaka sitini na kitu aliponiambia, tukiwa wawili, "Mwanangu, mimi mambo haya siyaoni." Hakuwa na hasira na mtu. Hakusoma vitabu vya ubishi. Alisema alitazama kwa muda mrefu, akaona hapana kitu. Na kila Ijumaa kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi, kofia ya mkono kichwani, huyo anakwenda. Nikamuuliza, ami, sasa unakwenda kufanya nini? Akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto mjinga. "Ijumaa saa saba, barazani pale anabaki nani?"

Hapo nilifahamu kwa nini mabishano yetu hayafiki. Wabishi wanauliza kama kuna ushahidi. Ami yangu, na naamini wengi kati ya wale laki saba na ushei, wanauliza watakaa na nani.

Alipolazwa, karani wa hospitali akiwa na fomu alimuuliza dini. Akasema, "Acha wazi." Karani akatazama jina, akajaza. Ami alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

Tulimwosha mimi na binamu yangu na mwosha wa mtaa. Sanda tatu, karafuu maiti. Binamu hakuwa anajua kitu. Mimi nilijua, nikanyamaza, nikamimina maji. Msikitini sheikh akauliza kama ilivyo ada, mnasemaje juu ya marehemu huyu? Tukaitikia, mtu mwema. Niliitikia kwa sauti kubwa, na sikusema uongo. Kisha nikashuka kaburini mimi mwenyewe, tukamlaza ubavu wa kulia ndani ya mwanandani, tukapanga mbao.

Hakuniusia nisimswalie. Angeniusia ningefanyaje, sijui. Wakubwa mnaikumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986: mjane wake na ukoo wakagombea maiti mahakamani, na akazikwa kijijini kwao Nyalgunga siku ya 154, mahali ambapo mjane hakutaka. Ile ilikuwa kesi ya mila, haikuwa ya Mungu, lakini ilitufundisha kwamba maiti hana sauti mbele ya jamaa zake. Hapa Mombasa Waislamu wana Manyimbo, Wakristo wana Mbaraki, Wahindu wana pao pa kuchomea. Kijana anayesema waziwazi kwamba hamo katika lolote kati ya hayo, sote tunamjibu kwa aya na kwa klipu, na hakuna aliyemwonyesha shimo.

Kwa hiyo mwenyekiti, mkiniita tena mwezi ujao, msiniletee profesa wa kubishana naye. Mwiteni yule afisa wa kaunti anayeshughulikia makaburi, tumuulize maswali machache.