Kidonge Kimefungua Miguu, Mbona Mzee Bado Anaanguka?

MWALIMU: Karibuni, wasikilizaji wetu wa Kampala, Bombo, Arua na kokote mlipo. Sista, kaka yangu mkubwa ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaokakamaza mwili na kuutetemesha. Akishameza dawa yake, levodopa, anafunga vifungo vya shati mwenyewe, anatembea hadi msikitini. Lakini bado anaanguka. Nyumbani wanauliza kama dawa imeshindwa.

SISTA: Pole, Mwalimu. Haijashindwa. Ugonjwa huu unaua seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuendesha mwendo. Levodopa ikifika ubongoni hugeuka kuwa dopamini, basi mwili uliokakamaa unalainika na hatua zinarefuka. Lakini kujizuia usianguke unapojikwaa kunategemea pia sehemu nyingine za ubongo na kemikali nyingine, ambazo levodopa haizifikii sana.

MWALIMU: Kwa hiyo akijisikia vizuri ndipo tumwangalie zaidi?

SISTA: Ndipo hasa. Anaenda haraka, anageuka ghafla, anataka kupanda boda. Watafiti waliowasimamisha wagonjwa juu ya bamba la kupimia kuyumba wameona wengine wanayumba zaidi baada ya levodopa. Tena dawa hiyo inaweza kushusha presha mtu anapoinuka. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda, ndipo asimame.

MWALIMU: Mimi ni mtu wa darasani, nataka kujua hili: akifundishwa upya namna ya kugeuka, anashika?

SISTA: Anashika! Naomba familia zilisikie hilo, maana wengi wamekata tamaa mapema. Ila anahitaji marudio mengi. Na dawa ina mambo yake hapo. Dopamini haipungui sawasawa: sehemu ya ubongo inayoendesha mwendo huishiwa kwanza, huku sehemu jirani, inayosaidia kujifunza kutokana na matokeo, bado inayo miaka ile ya mwanzo. Dozi inayoitosha ya kwanza inaweza kuizidi ya pili.

MWALIMU: Kama kumwagilia shamba zima kwa sababu kona moja imekauka.

SISTA: Naam. Mwaka 2004 Michael Frank na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la Science, wagonjwa wakichagua alama kwenye kompyuta. Wakiwa hawajameza dawa, walijifunza zaidi kutokana na kukosea. Wakiwa wamemeza, kutokana na kupatia. Hayo yalikuwa ya kompyuta, si ya miguu, tusiyavute kupita kiasi. Lakini mimi siku hizi simkalii mzee na "umekosea, umekosea". Akipiga hatua nzuri, namsifu palepale.

MWALIMU: Atatokea mtu aseme basi aache dawa siku ya mazoezi.

SISTA: Hapana, tafadhali! Kuacha levodopa ghafla kunaweza kuleta homa kali, kukakamaa na kuchanganyikiwa, hata kifo. Afanye mazoezi dawa ikiwa imeshika, kwa sababu aliyekakamaa hawezi kurudia hatua za kutosha. Hatua kubwa, kugeuka kwa mzunguko mpana, mtu amesimama karibu naye. Leo kwenye saruji, akizoea, kwenye nyasi. Kidogo kila siku.

MWALIMU: Yeye anameza pamoja na matoke na mchuzi wa karanga.

SISTA: Matoke hayana neno. Karanga, maharage, nyama na maziwa vina protini nyingi, nayo hugombania njia na levodopa. Ameze nusu saa kabla ya kula. Kichefuchefu kikimsumbua, kipande cha muhogo kinatosha.

MWALIMU: Na amepewa triheksifenidili, ya kutetemeka.

SISTA: Ana umri gani?

MWALIMU: Miaka 73.

SISTA: Basi mpelekeni kwa daktari wiki hii aiangalie upya. Kwa wazee dawa hiyo huvuruga kumbukumbu na kuwachanganya akili, na anayejifunza kutembea upya anaihitaji kumbukumbu hiyo. Asiikatize mwenyewe, hupunguzwa polepole. Na mwende na karatasi: saa alizomeza, saa alizokula, saa alizoanguka. Anayeanguka dawa ikiwa imekolea na anayeanguka ikiwa imeisha nguvu hawatibiwi sawa, na bila zile saa daktari hawezi kuwatofautisha.