Kituo Kiitweje? Majina ya Viwanja na Kumbi za Umma Dar es Salaam

REHEMA: Karibuni tena. Leo ni majina ya viwanja, kumbi na vituo vya michezo vya umma. Halmashauri inahangaikia fedha, inajenga ukumbi na kiwanja cha kikapu, halafu jina linatafutwa wiki moja kabla ya kukata utepe. Kaka Mussa, makosa yanaanzia hapo.

MUSSA: Yanaanzia hapo, dada Rehema, na kosa la kwanza ni kudhani eneo halina jina. Dar es Salaam sijui kiwanja kisicho na jina. Watu wanapaita kwa wanachokiona: Mnazi Mmoja, Mwembeyanga, Kidongo Chekundu. Au kwa shughuli iliyokuwapo: viwanja vya Tanganyika Packers pale Kawe vimebeba jina la kiwanda cha nyama. Kiwanda kilishafungwa zamani, jina halikuhama. Na Biafra pale Kinondoni ni kumbukumbu ya vita vya Nigeria. Tanzania iliitambua Biafra, eneo lililojitenga na Nigeria, mwaka 1968, na jina likabaki kwenye kiwanja.

REHEMA: Kwa hiyo kazi ya kwanza si kubuni, ni kusikiliza.

MUSSA: Mtume mtu wa ofisi ya utamaduni akae kituo cha daladala kilicho karibu, asubuhi, mchana na jioni. Asikilize abiria wanamwambia konda awashushe wapi. Awaulize bodaboda na mama lishe: "Hapa panaitwaje?" Watu 30 wanatosha. Kama 25 wametaja jina moja, hilo ndilo jina, na kamati inatakiwa kuwa na sababu nzito sana kuliacha. Wenye jina la eneo akilini hawatakariri jipya kwa sababu ya bango.

REHEMA: Mfano wa wazi ni Sabasaba. Rasmi ni viwanja vya maonyesho vya Mwalimu Nyerere, na jina hilo lina heshima yake kamili. Ila panda gari lolote Kilwa Road, utasikia Sabasaba.

MUSSA: Na hapo hakuna anayemdharau Mwalimu. Sabasaba ni neno moja, silabi nne, na tarehe ya tukio imo humohumo ndani.

REHEMA: Lakini sikubali kwamba majina ya watu hayashiki. Tuchukue uwanja mkubwa wa watu 60,000, ule uliofunguliwa mwaka 2007. Tuliuita Uwanja wa Taifa, na ule wa zamani ukawa Uhuru, kwa sababu sherehe za Uhuru za 1961 zilifanyika pale. Julai 2020 alipofariki Rais Mstaafu Benjamin Mkapa, uwanja mkubwa ukapewa jina lake. Haukupita muda mrefu mashabiki wa Simba wakawa wanasema "Kwa Mkapa hatoki mtu".

MUSSA: Na siri ipo kwenye hilo "kwa". Kiswahili kina njia mbili za kukaribisha jina la mahali. Ama liingie kwenye sentensi lenyewe, "tukutane Mnazi Mmoja", ama lichukue "kwa", kama unakwenda nyumbani kwa mtu. Jina la mtu likikubali "kwa" bila kukwama, litaishi. Kwa Mkapa: silabi tatu baada ya "kwa", kwisha. Sasa weka "Kituo cha Kisasa cha Michezo na Burudani cha Mheshimiwa fulani bin fulani". Hakuna anayeweza kupiga simu akaagiza bodaboda kwa jina hilo.

REHEMA: Basi tuwape wasikilizaji jaribio. Sema jina ndani ya sentensi tatu: "Nishushe...", "Tukutane...", "Mechi iko...". Halafu litangaze kwa kipaza sauti cha uwanjani, mtu asimame upande wa pili alirudie. Akilikosea mara mbili, rudi mezani.

MUSSA: Na mlisome kwa simu kwa mtu asiyewahi kuliona, aliandike. Ukumbi wa Anatoglo pale Mnazi Mmoja unafundisha hili. Aliyeutolea fedha enzi za ukoloni alikuwa mfanyabiashara Mgiriki, George Arnautoglu. Angalia lile "r" lililobanwa na "n". Ulimi wetu haupumziki hapo, kwa hiyo "r" ikadondoka na mwisho ukawa "glo". Kwenye maandishi unakutana na tahajia tatu, nne. Watu wameupenda ukumbi wakaurekebisha jina lake, lakini mwenye kutafuta kumbukumbu zake anapata taabu.

REHEMA: Dawa yake ni muhtasari. Kikao kikipitisha jina, liandikwe kwa herufi kubwa, mara moja, na kila ofisi inakili kutoka pale. Kama ni jina la mtu, familia itoe barua yenye mambo mawili: ridhaa na tahajia. Je, ni Mohamed au Mohammed? Fundi wa bango asiachiwe kuamua.

MUSSA: Kisha kugongana kwa majina. Kuna Uwanja wa Jamhuri Dodoma na Uwanja wa Jamhuri Morogoro. Kuna Karume Ilala na Karume Musoma. Miji tofauti inavumilika, ndani ya jiji moja ni hatari. Mtoto kavunjika mguu kwenye kikapu, au jiko la ukumbi limeshika moto, mtu anapiga 114 anasema "Uhuru". Gari la zimamoto liende Uhuru ipi? Kabla jina halijaenda kwenye kura, lilinganishwe na orodha ya shule, zahanati, masoko na barabara. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 imeacha majina ya barabara kwenye mfumo, kwa hiyo kazi hii ni ya siku moja tu.

REHEMA: Njia ya vikao iwe ileile inayoeleweka: mkutano wa mtaa, kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani. Mapendekezo yapokelewe siku 30, kwa fomu ya mistari mitatu: jina, maana yake, na nani wa kuulizwa. Mkutano wa mtaa upeleke majina mawili au matatu. Likipelekwa moja, baraza likalikataa, mnaanza upya.

MUSSA: Wafadhili je?

REHEMA: Hapo nina msimamo mkali. Mfadhili apewe chumba, jukwaa au ubao wa matokeo. Mlango mkubwa ubaki wa mtaa. Nairobi mwaka 2009 Uwanja wa Nyayo uliuzwa jina kwa Coca-Cola, mkataba wa miaka 3. Serikali ikataka neno Nyayo libaki, na mfadhili akajitoa baada ya miezi michache. Kama lazima muuze, mkataba useme mambo manne: jina la eneo linabaki, tarehe ya mwisho, ukubwa wa nembo, na nani analipa kung'oa bango.

MUSSA: Kung'oa husahaulika sana! Na kwenye bango lenyewe, msianze na mmiliki. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Kila bango lililoanza na "Manispaa ya Ilala" kwa herufi kubwa likapitwa siku hiyo. Jina la kituo liwe juu, aina ya huduma chini yake, mmiliki mwisho kabisa, kwenye kibao kidogo kinachofunguka kwa skrubu.

REHEMA: Herufi ziwe na kimo gani?

MUSSA: Hesabu sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Anayesoma kutoka ng'ambo ya barabara, mita 30, anahitaji herufi za sentimita 25. Jina la maneno saba haliingii kwa kimo hicho, fundi atalipunguza, na dereva hatalisoma.

REHEMA: Na Kidongo Chekundu, kituo cha vijana kilichofunguliwa 2015? Kina jina la Rais Mstaafu Jakaya Mrisho Kikwete.

MUSSA: JMK. Wamelifupisha wao wenyewe, na eneo bado linaitwa Kidongo Chekundu. Ningekuwa naandika bango lile leo, ningeweka yote mawili mstari mmoja: JMK Kidongo Chekundu. Mgeni anajua kituo, na konda anajua pa kumshushia.