Viti vya Maskini Katika Bodi: Mashirika ya Jamii na Vita Dhidi ya Umaskini Nchini Marekani

Mheshimiwa Mwenyekiti, wanazuoni wenzangu, mabibi na mabwana,

Mnamo Januari 1964 Rais Lyndon Johnson alitangaza vita dhidi ya umaskini mbele ya Bunge la Marekani, na Agosti mwaka huohuo akatia saini Sheria ya Fursa za Kiuchumi. Sheria hiyo ilielekeza fedha za serikali kuu kwa mashirika ya jamii ya mahali, kwa sharti kwamba maskini wenyewe washirikishwe kwa kadiri ya juu kabisa inayowezekana. Mameya wengi walikereka kuona fedha zikiwapita pembeni, na mwaka 1967 Bunge likatafuta suluhu: theluthi moja ya viti vya bodi ya kila shirika iwe ya viongozi wa umma, isiyopungua theluthi nyingine iwe ya wawakilishi wa watu wa kipato cha chini, na vilivyosalia viende kwa wafanyabiashara, taasisi za dini na makundi mengineyo. Mashirika yapatayo 1,000 yanaongozwa hivyo hadi leo.

Kazi yao huonekana vizuri zaidi tukifuata kaya moja. Chukulieni mama anayefika ofisini wakati wa baridi kali, akiwa na bili ya kupasha nyumba joto asiyoweza kuilipa. Shirika litamsaidia kulipa sehemu ya bili hiyo, lakini ikiwa nyumba ina nyufa na dari isiyozuia joto, mwakani atarudi na bili ileile. Kwa hiyo mafundi hutumwa kuziba nyufa na kutengeneza tanuri la kupasha nyumba joto, kwa fedha za mpango ulioanzishwa mwaka 1976. Mwanawe huandikishwa katika Head Start, mpango wa malezi na elimu ya awali ulioanza mwaka 1965, ili mama apate saa za kufanya kazi. Msimu wa kodi ukifika, watu wa kujitolea humjazia fomu bila malipo, asije akakosa marejesho ambayo wafanyakazi wa kipato kidogo wanastahili kisheria.

Shida ya mama huyu ni moja. Ni serikali iliyoigawa katika madirisha manne. Anayeyaunganisha ni mfanyakazi wa shirika, na mshahara wake mara nyingi hutegemea ruzuku ya jumla iliyoanzishwa mwaka 1981, ambayo majimbo hulazimika kupitisha angalau asilimia 90 yake kwa mashirika hayo. Ruzuku hiyo ni ndogo ukilinganisha na mipango mingine, na ndiyo hutishiwa kufutwa mara kwa mara, pengine kwa sababu matokeo ya kuunganisha hayapigiki picha.

Yapo yasiyo katika uwezo wao. Kikomo cha umaskini bado kinatokana na hesabu ya Mollie Orshansky, mwanauchumi wa serikali, ya miaka ya 1960, iliyochukua gharama ya chakula na kuizidisha mara 3, na anayeongezwa mshahara kidogo huweza kuvuka kikomo cha msaada akapoteza zaidi ya alichoongezewa.

Lililo katika uwezo wao ni bodi. Mwakilishi wa maskini akiitiwa kikao saa za kazi, akakatwa ujira wa siku hiyo, kisha akakabidhiwa kabrasha nene la hesabu ambalo hakuna aliyemweleza, kiti chake kimejazwa kwenye karatasi tu. Vikao vifanyike jioni, watoto wapate wa kuwaangalia, na kabrasha lifike mapema pamoja na mtu wa kulieleza.