Kitu Kimoja, Jina Moja: Kuwaandikia Kiingereza Wasiozaliwa Nacho

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahariri wenzangu, nanyi vijana mnaoanza kazi hii,

Wanaonifahamu wanajua nitakalolisema, na wengine nimewaona wakitabasamu kabla sijafungua kinywa. Nitalisema hata hivyo, kwa sababu nyaraka zinazofika mezani kwangu zinaonyesha kwamba bado halijasikika: anayewaandikia Kiingereza watu ambao si lugha yao ya kwanza, akishakipa kitu jina, asilibadilishe mpaka ukurasa wa mwisho.

Chanzo cha ugonjwa huu ni shuleni. Mwalimu wa insha alitukata maksi kwa kurudia neno, tukatoka darasani tukiamini kwamba umahiri ni kutafuta visawe. Katika insha ya mtihani jambo hilo halimdhuru mtu. Lakini miaka kadhaa iliyopita niliombwa kupitia mwongozo wa pampu ya maji ambayo ilikuwa imekwisha kusambazwa vijijini. Ukurasa mmoja ulitaja "relief valve", yaani valvu ya kupunguza mgandamizo. Mbele kidogo valvu hiyo hiyo ikaitwa "safety device". Na ilipofika sehemu ya matengenezo ikawa "pressure unit", bila shaka kwa kuwa mwandishi alikwisha kuchoshwa na yale majina mawili ya mwanzo. Fundi wa kijiji, mtu makini aliyefika kidato cha nne na anayeijua pampu kuliko aliyeiandikia mwongozo, akapiga simu kulalamika kwamba sanduku limefika pungufu: valvu ameiona, lakini vile vifaa vingine viwili havimo.

Ofisini walicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha, kwa maana katika mkasa huo wote aliyesoma sawasawa ni fundi. Ameandikiwa majina matatu, akatafuta vitu vitatu. Mzaliwa wa Kiingereza angekisia kwamba kinachotajwa ni kitu kile kile, kwa kuwa amelelewa ndani ya mchezo huo wa maneno. Fundi wetu ana kamusi, na kamusi haitamwambia kwamba mwandishi alikuwa akijipamba. Kilichoniudhi zaidi ni majibu ya mwandishi mwenyewe nilipomrudishia mwongozo. Alisema kurudia "relief valve" mara kumi na tano kungemchosha msomaji. Msomaji gani huyo? Aliyelala sebuleni na riwaya, au aliyeinama kwenye tope huku maji yakimrukia usoni?

Mtasema kwamba hivyo ni kukidumaza Kiingereza, na kwamba msomaji anadharauliwa. Basi tuwatazame watu wa ndege, ambao hakuna anayewaita wajinga. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mashirika ya ndege ya Ulaya yaliwataka watengenezaji waandike miongozo ya matengenezo kwa Kiingereza ambacho fundi wa nchi yoyote angekielewa, na mwaka 1986 ukatoka mwongozo wa kwanza wa kile ambacho leo kinaitwa ASD-STE100, yaani kanuni za Kiingereza kilichorahisishwa kwa nyaraka za kiufundi. Kamusi yake ina maneno yapatayo 900, ukiacha majina ya vipuri na istilahi za kazi. Sentensi ya maelekezo haizidi maneno 20, na ya maelezo haizidi 25. Kubwa zaidi, neno limefungiwa maana moja: "close" ni kufunga, na haliruhusiwi kumaanisha karibu; "follow" ni kuja baada ya kitu, na ukitaka kusema kwamba maagizo yafuatwe unaandika "obey". Kama rubani na abiria wake wanategemea lugha ya namna hiyo, sioni pampu ya kijiji inapata heshima gani kwa maneno ya kubahatisha.

Wala msinijibu kwa lile shauri la vitabu vya Waingereza, kwamba neno fupi ndilo rahisi. Ni rahisi kwao. Kijana wetu amelisoma "extinguish" darasani na ana hakika nalo, ilhali "put out" limeundwa na maneno mawili anayoyajua vizuri mno, na hapo ndipo linapompoteza: akiambiwa "put out the lamp", anaweza kuizima, na anaweza vilevile kuichukua akaiweka nje, kisha "put off" na "put up with" zikamsubiri kwenye aya inayofuata. Nikikuta vitenzi vya aina hiyo katika maelekezo navifuta, hata kama vitakavyokuja badala yake ni virefu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa nimeandaa sehemu nzima kuhusu kauli ya kutendwa, lakini itoshe kusema kwamba "the tank should be cleaned" haimtaji wa kusafisha, na tangi litabaki chafu. Tarehe andikeni mwezi kwa jina, kwani 03/04 kwa Mmarekani ni Machi na kwetu ni Aprili. Marundo ya nomino, yaani nomino kadhaa za Kiingereza zilizobandikwa mfululizo bila kiunganishi, nayaacha; aliyewahi kuhariri ripoti ya mradi anayafahamu.

La mwisho, ambalo halihitaji bajeti. Kabla ya kuchapa, mpelekeeni karatasi mtu mmoja kati ya watakaoitumia, lakini msimuulize kama ameelewa. Atajibu kwamba ameelewa, kwa adabu tu, kwa sababu kumwambia mgeni aliyetoka mjini kwamba maandishi yake hayasomeki ni kumvunjia heshima. Mpeni kifaa, mwombeni afanye hatua ya kwanza kama ilivyoandikwa, nanyi mkae kimya. Mkono wake ukisita, wekeni alama kwenye mstari alioufikia, na jioni mrudi kuuandika upya mstari huo.